Paneli ya Sola ya Bei Rahisi Mombasa: Jua Bei Yake Halisi Kabla Hujalipa

Pita maduka ya vifaa vya umeme kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea. Utakuta paneli za sola zimeegemezwa nje ya mlango, kila moja imebandikwa wati zake kwa maandishi makubwa. Mbili zimeandikwa wati 300, lakini moja inauzwa nusu ya bei ya mwenzake. Mtu mwenye watoto wa kusomesha na stima inayokatika jioni, kwa nini asichukue hiyo ya nusu bei?

Kwa sababu nusu iliyobaki hajasamehewa. Atailipa kwa mafungu: betri itakayokufa kabla ya wakati wake, fundi atakayepanda paa mara ya pili, mabati yatakayotobolewa upya, na tokeni atakazoendelea kununua huku akiamini sola imempunguzia mzigo. Mwongozo huu ni wa kuyahesabu hayo mapema, pesa zikiwa bado mfukoni.

Sisemi kila paneli ya bei ya chini ni mbaya. Bei za paneli zimeshuka sana duniani miaka hii, na zipo nzuri zinazouzwa kwa bei ambayo zamani usingeiota. Ninayoizungumzia ni ile inayouzwa rahisi kwa kuwa ndani hamna kilichoandikwa nje. Hiyo unaweza kuitambua wewe mwenyewe ukiwa na futi ya kupimia, kalamu na simu yenye kikokotoo. Ukipata na mita ya umeme ya kuazima, ni bora zaidi.

Hatua ya 1: Hesabu kazi unayotaka ifanywe

Usiingie dukani kabla hujajua unahitaji uniti ngapi kwa siku. Wati za kila kifaa zidishe kwa saa kinazowaka, kisha gawanya kwa 1,000. Pangaboi mbili za wati 60 zikizunguka saa 10 zinakula uniti 1.2. Taa tano za wati 9 kwa saa tano ni kama uniti 0.2. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano ni uniti 0.4. Friji ndogo isiyokula umeme mwingi ikadirie uniti moja. Jumla ni karibu uniti 3 kwa siku.

Sasa upande wa jua. Kwa kukadiria, hesabu saa tano za jua kamili kwa siku hapa pwani, halafu utoe asilimia 30 ya joto, vumbi, waya na upotevu wa betri. Paneli ya kweli ya wati 550 itakupa uniti 2 kwa siku, au pungufu kidogo. Kwa hiyo nyumba hiyo inahitaji paneli mbili za namna hiyo, na ziada yake ndiyo itakayowavusha masika, mwezi wa nne hadi wa sita, mawingu yanapofunga mchana kutwa.

Iandike namba hii. Ndiyo itakayokulinda na maneno ya muuzaji.

Hatua ya 2: Toa futi, pima paneli

Ukikumbuka hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii.

Kiwanda hupima wati za paneli kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi hugeuza asilimia 20 hadi 22 ya mwanga huo kuwa umeme. Maana yake, mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200, au 220 ikiwa ni bora sana. Hakuna kibandiko kinachoweza kuibadilisha hesabu hiyo. Pima urefu, pima upana, zidisha, kisha zidisha kwa 200.

Nilimsindikiza mama mmoja wa Kisauni, muuza sharubati na maji baridi, aliyetaka paneli ya kuendeshea friji ya biashara. Kijana wa duka alimtolea moja nyepesi, inayong'aa, mgongoni imeandikwa wati 300.

"Mama, hii ni mia tatu. Andiko lenyewe hili hapa."

"Andiko nimeliona, mwanangu. Shika ncha hiyo ya futi."

Urefu ulikuwa mita 1.20, upana sentimita 54. Zidisha: mita za mraba 0.65. Zidisha kwa 200: wati 130. Hiyo ni kama seli zake, vile vipande vyeusi vinavyozalisha umeme, ni za daraja la kwanza na zimejaa kioo chote, na hazikuwa zimejaa. Kati ya safu na safu palikuwa na nafasi nyeupe ya kupitisha kidole. Mama yule alimrudishia kijana paneli yake bila ugomvi akasema, "Niuzie kwa bei ya mia na ishirini, nitaichukua." Kijana akamwita mwenye duka.

Kwa kulinganisha, paneli ya kweli ya wati 550 huwa na urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na uzito wa kilo 27 au 28. Huwezi kuikunja ukaiingiza ndani ya matatu. Ukiambiwa wati 500 na kitu unakibeba kwa mkono mmoja, ondoka.

Baada ya kupima, igawanye bei kwa wati ulizozipata wewe, achana na zilizoandikwa. Tuchukulie mfano: paneli "ya 300" inauzwa shilingi 5,500 lakini wati zake za kweli ni 120. Hiyo ni shilingi 46 kwa wati. Paneli ya kweli ya 550 ikiuzwa shilingi 17,000 ni shilingi 31 kwa wati. Bei za dukani hupanda na kushuka, kwa hiyo tia zako ulizoambiwa leo. Mara nyingi utakuta ile "rahisi" ndiyo ghali, hata kabla haijafika nyumbani.

Hatua ya 3: Soma mgongo wa paneli

Paneli ya kiwanda cha kueleweka huwa na jedwali nyuma. Tafuta Vmp na Imp, yaani volti na ampea zake inapofanya kazi vizuri zaidi. Zizidishe. Jibu lazima liwe sawa na wati zilizotangazwa, au likaribie sana. Volti 41.9 mara ampea 13.1 ni wati 549. Hiyo ni sawa. Vibandiko vingi vya kughushi havijibu hesabu hii, maana aliyevichapisha alibadilisha namba ya juu akasahau za chini. Kuna zisizo na jedwali kabisa, au lina maneno ya sifa tu. Hizo usipoteze muda nazo.

Angalia pia alama za viwango: IEC 61215 ni ya uimara wa paneli, IEC 61730 ni ya usalama wake. Kwa sisi wa pwani ipo ya tatu, IEC 61701, ambayo ni jaribio la kustahimili mvuke wa chumvi. Alama inaweza kughushiwa nayo, kwa hiyo usiishie hapo. Namba ya paneli inapaswa kuonekana ndani ya kioo chenyewe, na ifanane na ya mgongoni. Ipige picha, uitafute kiwanda na modeli kwenye mtandao. Kiwanda cha kweli huweka karatasi ya vipimo vya kila modeli, na urefu na upana ulioandikwa humo lazima uwe ule ule uliopima.

Kuna namba moja ambayo watu wengi huipita: kiasi ambacho paneli hupoteza joto linapopanda. Kiwanda hupimia nyuzi 25 za paneli yenyewe. Juu ya mabati ya Mombasa mwezi wa pili, paneli hufika nyuzi 60 na zaidi. Ikiwa hupoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi, utakosa kama asilimia 12 ya wati zako saa sita mchana. Ikiwa hupoteza 0.45, ni karibu 16. Kwenye nchi ya baridi tofauti hiyo si kitu. Hapa kwetu inakula umeme wako kila siku ya jua kali, na siku za jua kali ndizo nyingi.

Hatua ya 4: Itolewe nje ipimwe kwa jua

Muuzaji mwaminifu hatakataa. Nenda kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, mbingu ikiwa wazi, paneli ielekezwe kwenye jua. Pima kwanza volti ikiwa haijaunganishwa na chochote, ulinganishe na Voc ya kwenye jedwali. Itakuwa chini kidogo kwa sababu ya joto. Lakini volti peke yake hudanganya. Paneli dhaifu sana inaweza kuonyesha volti nzuri kabisa. Kinachofichua ukweli ni ampea.

Kwa paneli ndogo, mita ya kawaida yenye tundu la ampea 10 inatosha. Kwa paneli ya wati 550 usithubutu, maana ampea zake hufika 14 na utaunguza mita. Tumia mita ya kubana waya, na hakikisha inapima umeme wa DC, ule wa paneli na betri, kwa sababu nyingi zinazouzwa mjini hupima AC tu, yaani wa stima ya ukutani. Fundi aunganishe waya mbili za paneli zenyewe kwa zenyewe, bana, soma. Jua likiwa kali, ampea zikaribie Isc iliyoandikwa kwenye jedwali, yaani ampea za waya zilizounganishwa hivyo. Ukisoma nusu yake, umeuziwa nusu. Na kabla ya kuzitenganisha waya hizo funika paneli kwa leso nzito au kadibodi, kwa sababu cheche ya DC haizimiki upesi na inaunguza vidole.

Hatua ya 5: Ipime kwa chumvi

Vitabu vingi vya sola vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na bahari. Sisi kaskazi ikivuma inatuletea chumvi, na kusi ikivuma inatuletea chumvi zaidi. Nyali, Bamburi, Shelly Beach, Mji wa Kale, hata Mikindani na Port Reitz upande wa hori, chuma kisicholindwa hakimalizi misimu mingi.

Huko Likoni, karibu na bahari, niliitwa kuangalia paneli mbili zilizokuwa zimezima ghafla. Hazikuwa na umri wa miaka miwili. Kwa mbele kioo kilikuwa kizima, hata mikwaruzo hakuna. Nikaigeuza moja, nikafungua kile kijisanduku cheusi cha mgongoni ambamo waya hutokea. Mpira wa kuzuia maji haukuwemo. Palikuwa na mfereji wake tu, mtupu. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, shaba iliyoliwa na chumvi, na waya mmoja ulikuwa umejishika kwa uzi mmoja tu wa shaba. Penye nafasi za diodi tatu, ambazo nitazieleza hapa chini, iliwekwa moja. Mwenye nyumba alikuwa amesimama chini ya ngazi, akaniuliza, "Fundi, inatengenezeka?" Kijisanduku kingetengenezeka. Lakini unyevu ulikuwa umeshaingia chini ya kioo, na kingo za seli zilikuwa zimeanza kuwa za kahawia. Duka lililomuuzia lilikuwa limehama, na simu ya kwenye risiti haikupatikana.

Kwa hiyo dukani, igeuze paneli. Kijisanduku kiandikwe IP67 au IP68, alama za kuzuia vumbi na maji, kifunike kwa kubana, na kisicheze ukikitikisa. Bonyeza pembe za fremu: zisiwe na mwanya, na aluminiamu yake iwe na ule weupe wa kufifia wa kupakwa kinga, isiwe aluminiamu tupu inayoacha rangi ya kijivu kidoleni. Karatasi ya plastiki ya mgongoni ipitishe mkono. Isiwe na malengelenge wala mikunjo, wala isikwanguke kwa ukucha. Karatasi ikipasuka, maji yameingia, na paneli inaweza kupiga shoti kwenye fremu ambayo mtoto anaigusa akianika nguo darini.

Diodi nazo ulizia, kwa sababu ya kunguru. Mombasa ina kunguru wengi, na hakuna mahali wanapopenda kutua kama ukingo wa paneli. Kinyesi kikifunika seli moja, seli ile huacha kuzalisha, na umeme wa wenzake unaolazimishwa kupita ndani yake huigeuza kuwa moto. Diodi ndizo zinazoupitisha umeme huo pembeni. Bila diodi, doa moja la kunguru linaweza kuunguza paneli hadi karatasi ya nyuma ikatoboka.

Hatua ya 6: Hesabu vinavyofuata nyuma ya paneli

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, na ndipo watu wasipopatazama. Paneli ndiyo inayovilisha vitu vingine vyote; ikiwa haitoshi, vinavyoumia ni vile vilivyonunuliwa kwa bei kubwa kuliko yenyewe.

Anza na betri. Chukua nyumba iliyofunga betri ya maji au ya jeli ya volti 12 na ampea-saa 200. Ukitumia nusu yake usiku, kama inavyotakiwa, umetoa uniti 1.2. Asubuhi betri hiyo inahitaji karibu uniti 1.5 ili ijae tena, maana sehemu hupotea kwa joto ikichajiwa. Sasa juu ya paa kuna paneli mbili "za 300" ambazo ukweli wake ni wati 240 kwa jumla. Mara saa tano, toa asilimia 30: uniti 0.84. Betri haijai leo, haijai kesho. Betri ya risasi kama hii isiyojazwa hujengeka fuwele za salfa ngumu kwenye bamba zake, na kila wiki inashika chaji kidogo kuliko wiki iliyopita. Joto la Mombasa nalo linaharakisha. Betri ambayo ingekaa miaka mitatu au minne inakufa ndani ya mwaka mmoja, na mwenyewe analalamika kuwa ameuziwa betri mbovu. Betri ilikuwa nzima. Ilikufa njaa. Ukiwa ulilipia betri shilingi 30,000, tofauti ya bei ya paneli uliyoifurahia imeisha hapo, na bado hatujafika kwenye fundi.

Hesabu tokeni pia. Kati ya wati 240 za kweli na wati 550 kuna pengo la wati 310. Mara saa tano, toa asilimia 30, ni kama uniti 1.1 kwa siku usizozipata. Angalia kwenye risiti yako ya tokeni: gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa, ushuru ukiwemo. Tuseme imetoka shilingi 28. Hiyo ni shilingi 30 kwa siku, karibu 11,000 kwa mwaka, ikiwa kweli una kazi ya kuzifanyia uniti hizo. Katika mfano wetu, paneli mbili za 5,500 ni 11,000 hizo hizo. Kila mwaka unazilipa upya.

Halafu kontrola ya chaji, kifaa cha kati kinachoongoza umeme wa paneli kuingia kwenye betri. Wengi wakisikia haya hununua paneli nzuri ya 550, kisha wanaifunga na kontrola ya bei ya chini iliyoandikwa MPPT lakini ndani ni PWM. Kontrola ya PWM huishusha paneli hadi volti ya betri na haizidishi ampea; ya MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Paneli yako ya volti 41 na ampea 13 ikilazimishwa kufanya kazi kwa volti 13, inatoa wati 170. Wati 380 zimepotea hewani kila saa ya jua, na taa ya kijani kwenye kontrola inawaka kama kawaida. Ukitilia shaka, bana waya upande wa paneli na upande wa betri wakati betri ina njaa: kontrola ya MPPT ya kweli itaonyesha ampea nyingi zaidi upande wa betri. Zikiwa sawa, ni PWM. Kwa ukweli, MPPT nzuri inaongeza gharama ya kuanzia, na lazima uiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Waya zina hesabu yake. Kutoka paneli hadi betri mita 15 kwenda, 15 kurudi. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba ukipitisha ampea 10 hupoteza kama volti 1.4. Waya wa milimita 1.5 hupoteza volti 3.6 au zaidi. Katika mfumo wa paneli za volti 18, hiyo ni moja ya tano ya umeme imegeuka joto ndani ya ukuta wako. Mbaya zaidi ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba.

Paa nalo lina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti ya paneli. Ukitaka wati 550 kwa vipaneli vya 120, unahitaji karibu vitano: reli zaidi, bolti zaidi, matundu zaidi kwenye mabati, na kila tundu ni njia ya mvua ya masika. Siku ya kuzibadilisha unalipa fundi kuzishusha na kupandisha nyingine, na matundu hayawi mahali pamoja.

Hatua ya 7: Chagua fundi, na usimwachie bolti

Kenya mafundi wa sola wanapewa leseni na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwa madaraja ya T1, T2 na T3. Mfumo mkubwa na ulioungwa na stima ya Kenya Power ni wa T3. Omba kuiona leseni. Fundi anayeifahamu kazi yake hataudhika.

Mwambie mapema kuwa unataka bolti na nati za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 ikiwa uko karibu na bahari. Chuma cha kawaida kikigusana na aluminiamu penye chumvi, kimoja humla mwenzake. Reli ziwe za aluminiamu, au chuma kilichochovywa zinki, na penye kugusana pawekwe mpira. Chini ya paneli iachwe nafasi ya sentimita 10 hadi 15 juu ya mabati ili upepo upite, maana joto linakula wati. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwinamo wa nyuzi 10 kuelekea kaskazini unatosha. Kazi yake kubwa ni kuiacha mvua ioshe kioo na maji yasituame.

Nyumba ya makuti usiipandishie paneli. Simamisha fremu yake uani, au juu ya jiko lenye bati. Moto wa DC ukianza kwenye makuti hauna wa kuuzima. Na kila mahali, breka na fyuzi za upande wa paneli ziwe zimeandikwa DC na volti zinazofaa. Breka ya AC ya bei rahisi haiwezi kuikata cheche ya DC. Inaungua bila kuukata umeme, na nyumba inafuata. Kwenye mambo haya sina upole: akikosa breka ya DC, fundi asiwashe mfumo siku hiyo.

Usafiri pia. Paneli isimamishwe wima, ifungwe, ibebwe na pikapu. Kuilaza kichwani au nyuma ya bodaboda huipinda, na seli hupasuka nyufa ndogo usizoziona kwa macho. Kioo kiko kizima, wati zimepungua. Fundi akiikanyaga juu ya paa, ni hivyo hivyo.

Hatua ya 8: Ihoji waranti

Paneli ina waranti mbili: ya kasoro za kiwanda, mara nyingi miaka 10 au 12 na zaidi, na ya uzalishaji, mara nyingi miaka 25, kwamba itabaki na zaidi ya asilimia 80 ya wati zake. Paneli nzuri hupungua kama nusu asilimia kwa mwaka. Lakini miaka 25 ya kampuni isiyo na ofisi Kenya ni wino tu. Uliza: nitamdai nani, kiwanda au duka? Ikiharibika naipeleka wapi, Mombasa au Nairobi? Gari nalipa mimi? Je, madhara ya chumvi ya bahari yamo kwenye waranti? Baadhi ya waranti huwaacha nje wanaokaa karibu na pwani, hivyo soma kabla hujatia sahihi.

Risiti iandikwe modeli na namba ya kila paneli, jina la duka na tarehe. Ipige picha, maana wino wa risiti hufifia. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inakupa haki ya bidhaa iliyo kama ilivyotangazwa, na risiti yenye namba za paneli ndiyo ushahidi wako.

Hatua ya 9: Ioshe kwa maji matamu

Visima vingi vya Mombasa ni vya maji ya chumvi. Ukiosha paneli kwa maji hayo, yakikauka yanaacha ukungu mweupe unaozuia mwanga, na kando ya fremu yanakula. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga, au dumu la maji matamu la muuza maji. Osha alfajiri, kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa laini. Kwa wa Changamwe na Jomvu, penye vumbi la malori, na popote penye kunguru, ni kila wiki mbili kiangazi.

Ikiwa umeshainunua

Usiitupe, na usiiunge mfululizo na paneli nzuri. Paneli zilizoungwa mfululizo hupitisha ampea za aliye dhaifu kuliko wote; kipaneli cha ampea 6 kitaishusha ya ampea 13 hadi 6. Ipe kazi yake peke yake na betri ndogo: taa za uani, chaja za simu, redio. Pima ampea zake leo saa sita mchana, uandike mgongoni kwa kalamu ya wino usiofutika pamoja na tarehe, upime tena baada ya miezi sita. Fungua kijisanduku, angalia diodi na unyevu, paka silikoni mpira ukiwa umelegea. Ukiona seli zimeungua, au karatasi ya nyuma imepasuka, ifunike kwanza ili isizalishe, ndipo uishushe. Betri nayo isikae na kiu: ikiwa paneli haiijazi, punguza vifaa vinavyowaka usiku, au uipeleke ikachajiwe hadi ijae mara moja kwa wiki hadi utakapopata paneli ya kuitosha.